Uvimbe Unapoyeyuka Kabla Tiba Haijaisha

Limfoma ya Burkitt, saratani inayowapata zaidi watoto wa ukanda wa malaria barani Afrika, mara nyingi huanzia kwenye taya, na dalili ya mwanzo huwa meno kulegea. Kwa mtoto wa miaka 6 hilo halimshtui mtu, maana ndio umri wa kung'oka meno ya utoto. Shavu likivimba hudhaniwa ni jipu la jino. Zahanati hutoa dawa, jino hung'olewa, pengine mtoto huchanjwa chale, na wiki zinapita. Kumbe ugonjwa huu ni miongoni mwa saratani zinazokua upesi kuliko zote: uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Aliyeueleza kwa mara ya kwanza ni daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari hadi Afrika Kusini, safari ya kilomita zipatazo 16,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wanauona. Walikuta unafuata nyanda za joto na mvua, kulekule kwenye mbu wengi. Sasa inafahamika kwamba virusi vya Epstein-Barr, ambavyo karibu kila mtu huvipata, vikikutana na malaria ya kurudiarudia, huufungulia njia. Maelezo hayo yana kazi kubwa nyumbani. Hauambukizi, haukutokana na chakula alichopikiwa mtoto, wala hakuna jirani aliyemroga. Mama anayelaumiwa na wakwe anastahili kulisikia hilo likisemwa na daktari mbele yao.

Hospitalini huchukuliwa kinyama cha uvimbe kwenda kupimwa, kisha maji ya uti wa mgongo. Kipimo hiki cha pili ndicho wazazi wengi hukikataa, kwa kuamini kwamba sindano ya mgongo hupoozesha. Ukweli ni kwamba sindano huingizwa chini ya mahali uti wa mgongo unapoishia. Tena ni kwa njia hiyohiyo dawa huwekwa ili kuukinga ubongo, kwa hiyo mzazi atakutana nayo zaidi ya mara moja.

Dawa kuu ni saiklofosfamidi, mara nyingi pamoja na vinkristini na methotreksati, na hutolewa kwa mizunguko inayoachana kwa wiki kadhaa. Siku za kwanza mtoto hutundikiwa maji mengi, kwa sababu mabaki ya seli zinazokufa kwa wingi huweza kuziba figo. Mama hukabidhiwa chombo cha kupimia mkojo na kuwa muuguzi msaidizi bila kuombwa. Nywele hunyonyoka na baadaye huota tena. Midomo hutoka vidonda, na uji uliopoa huenda ndicho chakula pekee kinachopita. La hatari zaidi halionekani kwa macho: chembe nyeupe za damu hushuka, na homa ya nyuzi 38 katika siku hizo ni dharura ya saa ileile, si ya kusubiri kupambazuke.

Katikati ya hayo ndipo mtego ulipo. Ndani ya siku chache baada ya dozi ya kwanza, taya hunywea na mtoto aliyekuwa hafungui mdomo huomba ugali. Seli zilizobaki hazionekani, lakini zipo. Huko nyumbani wadogo zake wamelelewa na bibi kwa mwezi mzima, mbuzi wameuzwa, mvua zimeanza na shamba halijalimwa. Simu inapigwa: si amepona, rudini. Wanarudi. Miezi michache baadaye uvimbe umerudi, na safari hii dawa zilezile hazifui dafu kama mwanzo.

Wahudumu husema mzazi kama huyo ametoroka. Neno hilo si la haki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi maskini ni chini ya asilimia 30. Kukatisha tiba ni mojawapo ya sababu linazozitaja. Mtu aliyebaki bila nauli hakutoroka, ameishiwa. Hata dawa zikiwa bure, nauli ya basi, chakula na mahali pa kulala havijawa bure. Ndiyo maana huduma kama ile ya Tumaini la Maisha, inayofanya kazi katika Hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, haiishii kwenye dawa, bali hushughulika pia na malazi ya familia zinazotoka mbali.

Kingine kinachosaidia hakina gharama. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya dozi, baba na bibi wakiwepo au wakisikiliza kwenye simu, familia iambiwe kwamba uvimbe utayeyuka mapema na kwamba huo si mwisho wa tiba. Tarehe zote za mizunguko ziandikwe kwenye karatasi moja, ili hata shamba lipangwe kwa kuzifuata.

Baada ya dozi ya mwisho hufuata kliniki, kwa kuwa uvimbe ukirudi, kwa kawaida hurudi ndani ya mwaka wa kwanza. Mtoto anayevuka miaka miwili salama huhesabiwa amepona, ingawa wengi hujikuta darasa moja nyuma ya wenzao.