Vinyama vya Puani: Utabibu wa Bara Hindi Wasemaje?

Yumkini unaye jamaa ambaye pua yake haizibuki mwaka mzima. Husema kwa sauti ya puani, hulala kinywa wazi, na harufu ya pilau haimfikii hata akiwa jikoni. Watu humwambia kuwa ana mafua sugu. Huenda si mafua, bali ni vinyama laini vilivyoota ndani ya pua.

Vinyama hivyo havitokani na uchafu. Huota pale utando wa ndani ya pua unapovimba kwa muda mrefu, na mara nyingi huandamana na pumu.

Waganga wa Bara Hindi waliujua ugonjwa huu tangu kale. Katika Ayurveda, utabibu wao wa jadi, huitwa nasarsha, yaani bawasiri ya pua, nao umetajwa katika kitabu cha Sushruta Samhita. Tiba mojawapo ni nasya: mgonjwa hulazwa chali, akatiwa puani matone ya mafuta, agh. ya ufuta, yaliyopikwa pamoja na mimea. Nyingine ni kshara, dawa kali itokanayo na majivu ya mimea, ambayo mganga hupaka juu ya kinyama ili akiunguze.

Je, tiba hizo zafaa? Ushahidi wa kisayansi ni haba, na hatari zipo. Dawa ya kuunguza yaweza kuijeruhi pua, na mafuta yakivutwa hadi mapafuni huweza kuleta homa ya mapafu. Aidha, mwaka 2004 watafiti wa Boston, Marekani, walitangaza kuwa katika dawa 70 za Ayurveda walizozinunua madukani, 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki.

Hospitalini, daktari huanza kwa dawa ya steroidi ya kupuliza puani, na kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Vinyama visipopungua, hufanywa upasuaji, ingawa vyaweza kuota tena.

Basi, kabla hujatia chochote puani, pimwa kwanza. Kinyama kilicho upande mmoja tu, hasa chenye kutoa damu, chaweza kuwa saratani. Na mwenye vinyama pamoja na pumu asimeze aspirini bila ushauri wa daktari, kwani yaweza kumbana pumzi hata kumwua. Ukitumia dawa ya jadi, mwambie daktari wako bila haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua.