Mishale Kwanza, Nyufa Baadaye

Gari la kubeba nyanya halihitaji dashibodi ya kupendeza. Hilux yangu ya dizeli ya mwaka 1994 hutoa matenga Ilula na kuyaleta Iringa mjini, na anayekaa pembeni yangu hukuta nyufa zimekatiza kutoka kwenye kioo hadi kwenye redio. Hizo sizigusi. Ila mshale wa joto la injini ukilala, gari halitoki nyumbani.

Hapo ndipo mwenye pikapu kuukuu aanzie. Mshale wa joto, taa ya oili, mshale wa mafuta na spidomita vina kazi. Injini ikichemka bila wewe kujua, utalipia silinda hedi. Droo isiyofunga au tundu la hewa lililong'oka litasubiri msimu wa bei nzuri.

Mshale ukifa, wengi hukimbilia kununua seti nzima ya geji. Fundi umeme ninayemtegemea, mzee wetu wa hapa mjini, huanza na fyuzi, kisha soketi za nyuma ya geji. Mshale wa joto na wa mafuta ikifa kwa pamoja, hutafuta umeme unaoilisha yote miwili, maana ni nadra sensa ya kwenye injini na ile ya kwenye tangi kufa siku moja. Ukifa wa joto peke yake, huwasha swichi, huchomoa waya wa sensa pale kwenye injini na kuugusisha kwenye bodi kwa nukta chache tu. Mshale ukipanda, geji ni nzima na mbovu ni sensa, ambayo bei yake ni ndogo. Mchezo huo usiupeleke karibu na tangi la mafuta. Cheche moja inatosha.

Kuifungua dashibodi ndiko kunakoharibu zaidi. Jua la miaka mingi limekausha plastiki, na klipu hukatika ukizivuta kwa pupa. Asubuhi za Juni hapa Iringa baridi huikakamaza plastiki hiyo hata zaidi, kwa hiyo liache gari juani kwanza. Tafuta skrubu zote kabla ya kuvuta, kwani haikosi kuwapo moja iliyojificha nyuma ya redio au chini ya kifuniko. Banjua kwa kipande cha mbao laini, bisibisi iache. Waya wa hasi wa betri uchomolewe mapema, na gari likiwa na mifuko ya hewa, subiri sekunde 90 au zaidi kabla ya kugusa chochote. Soketi zake za rangi ya njano mwachie anayezijua.

Kipande kikivunjika, kigeuze usome nyuma. Mara nyingi utakuta herufi ABS au PP. ABS hushika gundi vizuri. PP huikataa supaglu ya kawaida, basi hiyo hushonwa: waya mwembamba huzamishwa upande wa nyuma kwa kile chuma cha moto cha mafundi redio, nje penye upepo, kwa sababu moshi wake si wa kuvutwa. Sikio la skrubu lililokatika kwenye ABS hujengwa kwa supaglu na bekingi soda ya jikoni. Mchanganyiko hugeuka jiwe papo hapo, unatoboa upya, unafunga.

Ukilazimika kununua, nenda Gerezani, Dar es Salaam, au duka la spea za mtumba unaloliamini, ukiwa na namba ya chasisi na kile kipande cha zamani mkononi. Uliza kile unachouziwa kimetoka kwenye gari la wapi. Dubai na Oman usukani uko kushoto, na dashibodi ya huko haiingii kwenye gari letu hata upewe bure. Geji za petroli nazo si za dizeli, hasa zile zenye mshale wa mizunguko ya injini. Linganisha soketi tundu kwa tundu kabla ya kutoa pesa.

Na spidomita ya mtumba huja na kilometa za gari la mtu mwingine. Siku ya kuibadilisha, andika kwenye daftari la gari tarehe, kilometa za ile ya zamani na za hii mpya. Ukiliuza gari, mpe mnunuzi daftari hilo.