Sumu Isiyojulikana Jina: Wakemia Wanavyochunguza Vifo Vya Dawa Mpya za Kulevya

Mnamo mwezi wa Juni mwaka 2016, katika kijiji cha Mwaikisabe, wilaya ya Chemba, mkoani Dodoma, watu wa aila moja walianza kutapika, wakavimba matumbo na macho yao yakageuka manjano, na baadhi yao wakafariki dunia kabla ya tabibu yeyote kuweza kuyataja kwa yakini maradhi yaliyowashika. Kwa kuwa jamaa hao walikuwa wamekula nyama ya ng'ombe mmoja, dhana ya kwanza iliiangukia nyama hiyo. Lakini ugonjwa ulipozuka pia Kondoa, na hata Kiteto katika mkoa wa Manyara, dhana hiyo haikuweza kusimama, na uchunguzi wa damu na nafaka ukabainisha kuwa muuaji alikuwa sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu uotao katika mahindi. Hadi balaa hilo lilipokoma, watu 68 walikuwa wameugua, na 20 miongoni mwao walikuwa wamekwisha kufa.

Kisa hicho hakihusu dawa za kulevya, ila kinaonyesha bayana ugumu wa kazi ya mkemia wa sumu: kwamba maabara hujibu swali lile ililoulizwa, na kwamba sumu ambayo hapana aliyefikiri kuiulizia yaweza kupita mbele ya mashine ya thamani kubwa bila ya kutambuliwa. Ugumu huo umezidi maradufu katika zama zetu hizi, ambapo pamoja na bangi, mirungi na heroini, zilizozoeleka kwa polisi na kwa matabibu, zimeingia duniani dawa zinazotengenezwa na wakemia wa siri, ambazo kila mwaka hubadilishwa umbo ili zisiwemo katika orodha ya sheria wala katika kumbukumbu ya mashine.

Umoja wa Mataifa, kwa kupitia ofisi yake inayoshughulika na dawa za kulevya na uhalifu, umekwisha kuorodhesha dawa mpya za namna hiyo zaidi ya 1,200. Hila yenyewe ni nyepesi kuieleza: mtengenezaji huichukua molekuli inayojulikana, akaiondolea tawi moja au akaiongezea jingine, na kitu kinachopatikana huwa na athari ile ile, pengine kali zaidi, lakini hakina jina katika sheria. Mwaka 2008 wachunguzi wa Ujerumani na Austria waligundua kuwa majani yaliyouzwa madukani kwa jina la Spice, kama kwamba ni ubani wa kufukiza, yalikuwa yamenyunyiziwa JWH-018, kemikali iliyobuniwa kwa ajili ya utafiti katika maabara ya profesa John W. Huffman wa Marekani. Kadhalika nitazeni, ambazo kampuni ya CIBA ya Uswisi ilizibuni katika miaka ya 1950 ili ziwe dawa za kutuliza maumivu, na ambazo hazikupata kuruhusiwa kutumika hospitalini kwa sababu ya ukali wake, zilifufuka katika biashara ya magendo yapata mwaka 2019. Bara letu halikusalimika: huko Sierra Leone, ambako rais alitangaza hali ya hatari mwezi wa Aprili mwaka 2024 kwa sababu ya dawa iitwayo kush, wachunguzi walikuta ndani yake nitazeni pamoja na bangi za kutengenezwa, za aina ya ile JWH-018.

Nasi Watanzania tumo katika njia ya biashara hiyo. Mwezi wa Desemba mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilikamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa. Na mwaka 2025 mamlaka hiyo ikatangaza kukamata zaidi ya tani 18 za mitragina, mmea wa Asia wenye kulevya, ulioingizwa nchini kwa jina la mbolea. Mitragina haikutengenezwa maabarani, walakini kukamatwa kwake kunatufundisha kwamba kitu kipya huja kimevaa jina la kitu kingine, na kwamba mwenye kutegemea maandishi yaliyobandikwa juu ya mfuko hatakijua.

Basi mtu akikutwa amekufa, hana jeraha wala maradhi yanayojulikana, kazi huanza vipi? Huanza katika chumba cha maiti, tena kwa jambo ambalo watu wengi hawalidhanii, nalo ni kuchagua mahali pa kutoa damu. Baada ya mauti, dawa zilizokuwa zimehifadhiwa katika ini, mapafu na misuli ya moyo huvuja na kuingia katika damu iliyo jirani nazo, hata damu ya moyoni ikaonyesha kipimo kikubwa mno kuliko kile alichokuwa nacho marehemu alipokuwa hai. Kwa hiyo mchunguzi hodari huitoa damu katika mshipa mkubwa wa paja, ulio mbali na viungo hivyo. Huchukua pia mkojo, nyongo, kipande cha ini, vilivyomo tumboni, na majimaji ya ndani ya jicho, ambayo yamejificha mahali pasipofikiwa upesi na bakteria. Faida ya majimaji hayo huonekana sana katika nchi ya jua kali kama hii yetu: maiti aliyelala siku mbili porini huweza kukutwa na kilevi katika damu ilhali hakuonja pombe, kwa kuwa bakteria wa uozo hutengeneza kilevi wao wenyewe, na jicho ndilo linaloweza kumtolea marehemu ushahidi wa haki. Damu hiyo hutiwa floridi ya sodiamu ili isiharibike, ikawekwa katika baridi. Na mwenye kuijua barabara ya kutoka Manyoni au Mpwapwa wakati wa joto hatashangaa kuambiwa kuwa barafu na kasha zuri ni sehemu ya sayansi sawasawa na mashine.

Hatua ya pili ni kipimo cha haraka kitumiacho kingamwili, ambazo hushikamana na molekuli yenye umbo maalumu. Kipimo hiki ni rahisi, nacho kimetumika miaka mingi kutambua mofini, bangi na kokeini. Kasoro yake ni kuwa hukijua kile tu kilichofundishwa. Kipimo cha afyuni, kilichoundwa kwa umbo la mofini, hakiioni fentanili, ambayo ni afyuni ya kutengenezwa maabarani, wala kipimo cha fentanili hakizioni nitazeni, ijapokuwa zote tatu huua kwa njia moja, nayo ni kuzima pumzi. Kwa hiyo karatasi yenye neno «hakuna» haina maana kwamba marehemu hakutumia dawa. Maana yake ni kwamba hazikukutwa zile chache zilizoulizwa.

Ndipo inapoletwa mashine kubwa, ambayo kwa hakika ni mashine mbili zilizounganishwa. Ya kwanza ni ya kromatografia, ambayo hutenganisha mchanganyiko wa vitu vilivyomo katika damu kwa mfano wa mwanamke wa Kigogo apepetaye mtama, ambapo kila kitu hutoka katika ungo kwa wakati wake, kulingana na tabia yake. Ya pili ni spektrometa ya masi, ambayo hupima uzito wa kila molekuli inayotoka, kisha huigonga ikavunjika, ikavipima na vipande vyake. Katika mashine za kawaida mkemia huipa mashine orodha ya dawa anazozitafuta, nayo huzipuuza nyingine zote. Bali katika mashine za kisasa zenye usahihi mkubwa, kila kitu kilichomo hupimwa na kuandikwa, hata kile ambacho hakuna mtu aliyekiulizia.

Natutazame mfano mmoja kwa karibu. Isotonitazeni, mojawapo ya nitazeni, ina atomu 23 za kaboni, 30 za hidrojeni, 4 za naitrojeni na 3 za oksijeni, nayo ikiisha kubebeshwa chaji ya umeme ndani ya mashine, husomeka 411.2391. Mashine isomayo 411 tu haijui mengi, maana molekuli zenye uzito wa kukisia namna hiyo ni nyingi mno. Lakini zile tarakimu nne baada ya nukta huondoa karibu dhana zote, zikabakisha fomula chache zinazowezekana. Ikivunjwa, hutoa kipande kisomekacho 100.1121, ambacho ni ule mkia wenye naitrojeni unaopatikana katika nitazeni nyingi. Na hapa ndipo penye manufaa makubwa, kwa kuwa hata ikija kesho nitazeni ambayo haijapata kuonekana popote, yenye uzito usioandikwa katika daftari lolote, kipande hicho chaweza kuifichua nasaba yake, na mkemia akajua anashughulika na ukoo gani.

Hata hivyo uzito peke yake si hukumu. Protonitazeni ina atomu zile zile na kwa idadi ile ile kama isotonitazeni. Tofauti yao ni namna tawi moja la kaboni tatu lilivyojipanga, basi uzito wao ni mmoja na vipande vyao vinafanana mno. Kinachozitenganisha ni wakati wa kutoka katika kromatografia, na ili kuujua wakati huo sharti mkemia awe na kielelezo sanifu, yaani kiasi kidogo cha dawa halisi iliyothibitishwa, akipitishe katika mashine ile ile na kukilinganisha na kilichotoka katika damu. Vielelezo hivyo hutengenezwa na maabara chache za ng'ambo, bei yake ni kubwa, na kwa dawa iliyozuka juzi huenda kielelezo chake bado hakijatengenezwa. Ndiyo sababu ripoti ya uaminifu pengine husema kwamba kitu fulani kinadhaniwa kuwamo, bila ya kuthibitisha.

Fauka ya hayo, ini la mwanadamu huwa limekwisha kufanya kazi yake kabla ya mauti. Bangi nyingi za kutengenezwa huvunjwavunjwa kwa haraka hata mkojoni isipatikane dawa yenyewe, bali masalio yake tu. Basi wakemia huichukua dawa mpya wakaichanganya katika chupa na vimeng'enya vya ini la binadamu, wakayaona masalio yatokanayo, ndipo wakajua watafute nini katika mkojo wa marehemu. Na kwa kuwa mashine za kisasa huandika kila kitu, inawezekana kuyafungua tena majalada ya mwaka uliopita dawa mpya ikiisha kupewa jina, na kukuta kwamba mtu aliyezikwa na kifo chake kikaandikwa kuwa hakina sababu alikuwa nayo katika damu.

Ikiisha kuonekana dawa, swali la hakimu bado halijajibiwa, kwa sababu kukutwa na dawa si sawa na kuuawa na dawa. Mofini katika maiti aghalabu hupimwa kwa makumi na mamia ya nanogramu katika mililita ya damu, na nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Isotonitazeni imekutwa katika damu ya waliokufa kwa kiasi cha nanogramu chache tu, kiasi ambacho mashine isiyotunzwa vema haikihisi kabisa. Kwa upande wa pili, mazoea ya mwili hubadilisha maana ya tarakimu. Katika kliniki ya Itega ya methadoni, dawa wanayopewa walioathirika na heroini, iliyo chini ya Hospitali ya Mirembe hapa Dodoma, na ambayo ni tawi la tiba iliyoanzishwa nchini kwanza pale Muhimbili mwaka 2011, kuna wagonjwa wanaokunywa kila siku kipimo ambacho kingemuua mtu asiyezoea, nao wakarudi makwao wakaendelea na kazi zao. Na mgonjwa huyo huyo, akikaa miezi kadhaa bila dawa, kisha akarudia kipimo chake cha zamani, aweza kufa. Kwa hiyo mkemia hutoa tarakimu, naye daktari wa maiti huzipima pamoja na hali ya mapafu, maradhi ya zamani, pombe na vidonge vya usingizi vilivyochanganywa, na habari za jamaa.

Kuna pia amana ya vielelezo vya ushahidi, yaani kuvilinda visibadilishwe njiani. Chupa ya damu hutiwa lakiri, huandikwa namba, na kila mkono unaoipokea hutia saini, tangu chumba cha maiti hadi Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo asili yake ni maabara ya zama za Wajerumani ya mwaka 1895, na ambayo leo inafanya kazi kwa sheria ya mwaka 2016 na ina ofisi ya Kanda ya Kati mjini Dodoma. Asiyeona umuhimu wa saini hizo na akumbuke yaliyotokea Kirinyaga, nchini Kenya, mwezi wa Februari mwaka 2024, ambapo watu zaidi ya kumi walikufa kwa pombe haramu ambayo ilielezwa kuwa ni kielelezo kilichotoka katika ghala ya kituo cha polisi.

Katika yote hayo mwananchi ana sehemu yake. Aliyefiwa katika hali ya shaka asitupe kidonge, unga, chupa wala sigara iliyobaki karibu na marehemu, kwa maana dawa iliyo katika karatasi ni nyingi na safi kuliko ile iliyotawanyika mwilini, na kwayo mkemia huweza kujua atafute nini katika damu. Asifiche, kwa kuona haya, kwamba marehemu alikuwa akitumia. Na kama dini au mila yamhimiza kuzika siku ile ile, na aombe uchunguzi ufanywe mapema badala ya kuukataa.

Serikali nayo isiridhike ripoti ya mkemia ikiishia katika jalada la kesi. Naloksoni, dawa iokoayo pumzi ya aliyezidiwa na heroini, humwokoa pia aliyezidiwa na nitazeni, ila huenda akahitaji vipimo kadhaa na kuangaliwa kwa saa nyingi zaidi. Na tabibu wa Singida au Kondoa hatalijua hilo ikiwa jina la dawa lililopatikana katika maiti wa Dodoma halikumfikia. Habari hiyo ikifikishwa hospitalini, polisi na kwenye kliniki za methadoni katika wiki ile ile, marehemu mmoja atakuwa amewaonya walio hai. Ikikawia mwaka mzima hadi kesi itajwe, itakuwa imewafaa mawakili peke yao.