Wakisema atomiki, shimo letu linafungwa

Kila mara habari ya bombe ya atomiki inapopita ku radio, swali linaanza pale pale mu kambi: «Wanasema inchi fulani inatafuta uraniumu. Je, watatufukuza tena ku mashimo?» Swali hilo si la wapumbavu. Wenye kuuliza wanakumbuka.

Tuanze na Irak. Tarehe 28 Januari 2003, Prezida Bush wa Marekani alisimama mbele ya bunge lake na kusema kama Waingereza wamejua kwamba Saddam Hussein alitafuta uraniumu mingi mu Afrika. Inchi yenye kutajwa mu barua ilikuwa Niger. Tarehe 7 Marsi, Mohamed ElBaradei, mukubwa wa shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, akaambia Baraza la Usalama kama barua zile hazikuwa za kweli. Mutu alizitunga tu! Siku 13 kiisha, vita ikaanza. Mu 2004 wachunguzi wa Marekani wenyewe walitoa raporo: akiba ya silaha hawakuiona, na kazi ya atomiki ya Irak ilikuwa imesimama tangu 1991. Wakati ule maiti zilikuwa zimekwisha kuzikwa.

Hatusemi kama kila woga ni uongo. Sisi wa Katanga hatuwezi kusema vile. Mu 1940 Edgar Sengier wa Union Minière alipeleka New York tani karibu 1,200 za mawe ya Shinkolobwe, na uraniumu ya bombe ya Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, kwa sehemu kubwa ilitoka mu udongo wetu. Wajerumani nao walipoingia Ubelgiji walikamata akiba ya uraniumu ya Union Minière. Basi woga wa Wamarekani ulikuwa na sababu. Lakini vita ikikaribia kuisha, watu wao walienda kuchungua, wakaona Mujerumani alikuwa mbali sana na bombe. Sengier alipewa medali mu 1946. Wababu wetu wenye kuchagua mawe ile kwa mikono, wao walipewa nini? Hatujaacha kuuliza.

Sasa tuje ku «faida ya inchi». Mu Januari 2004 amri ya prezida ilifunga Shinkolobwe. Wachimbaji walikuwa wanatafuta kobalti, si uraniumu, juu kobalti njo ilikuwa na wanunuzi. Wakaendelea. Mu Julai shimo likabomoka, ndugu zetu wakafia ndani. Mu Agosti kijiji kikavunjwa, maelfu ya watu wakatoka. Magazeti ya ngambo yalikuwa yanaandika juu ya magaidi, kiisha juu ya Irani. Wajuzi wa ONU walipofika mwisho wa mwaka ule, hatari walizoonyesha zilikuwa za karibu zaidi: udongo wenye kubomoka, na mionzi yenye kuingia mu mwili polepole, mwaka kwa mwaka. Hatari zile ziko za muchimbaji mwenyewe, lakini za kwake njo zilitajwa nyuma.

Kwa hiyo mukubwa akikuja na neno «usalama wa inchi», tumusikilize kwa heshima, kiisha tumuulize. Barua iko wapi, na nani aliihakikisha? Mawe yalipimwa na chombo gani, mbele ya nani? Familia zitakazohamishwa zitakula nini mwezi wa kwanza? Mwenye kusema ukweli hawezi kukasirika kwa maswali matatu.

Na ninyi wamama: hata kama habari ya Irani iko uongo, vumbi ya shimo iko kweli. Ile nguo ya kazi ya baba musiifue mu beseni moja na ya watoto, na avue viatu inje, mbele ya kuingia mu nyumba.