Wimbi Lililovuka Bahari

Sogeeni, wanangu, sogeeni karibu. Leo mgeni wetu ni karatasi. Ni ndogo, mtoto anaweza kuishika kwa mikono miwili, lakini imeizunguka dunia. Tuiache iseme yenyewe.

“Mimi ni picha ya wimbi. Nilizaliwa Edo, mji ambao leo mnauita Tokyo, karibu mwaka 1831. Aliyenichora ni Katsushika Hokusai, mzee wa miaka 70 hivi. Nitazameni vizuri. Wimbi limeinuka, limetoa makucha ya povu. Chini yake mna mashua tatu. Wapiga makasia wameinama, wameng’ang’ania. Na kule nyuma, mnakiona kile kilima kidogo cheupe?”

Tunakiona! Kilima gani kile?

“Ndio Mlima Fuji, mrefu kuliko yote Japani, mita 3,776! Wimbi liko karibu, mlima uko mbali. Ndiyo maana mkubwa unaonekana mdogo.”

Je, mzee Hokusai alichora karatasi ngapi?

Ahaa! Anayeuliza hivyo ana macho ya fundi. Hokusai alichora moja tu. Fundi mchongaji akaigandisha juu ya ubao wa mcheri, uso wa picha ukitazama chini. Akachonga taratibu, akiacha mistari imeinuka.

Basi ule mchoro wenyewe ulikwenda wapi?

Ulikatwa pamoja na ubao, mwanangu. Haupo tena. Kisha mchapaji akapaka rangi ubaoni, akalaza karatasi juu yake, akaisugua mgongoni kwa kidude cha mviringo kilichofungwa ganda la mwanzi. Rangi nyingine, ubao mwingine. Akasugua tena, na tena, hadi zikatoka picha maelfu. Bei yake haikuzidi sana ile ya bakuli la tambi, kwa hiyo hata mtu wa kawaida aliweza kuinunua. Hilo ndilo ninalolipenda zaidi.

Na ile buluu nzito ya wimbi, Wajapani waliitoa wapi?

Ilitoka mbali! Iligunduliwa Berlin, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1700, ikafika Japani kwa meli za biashara. Mmewahi kumwona mama akiomba kaa la moto kwa jirani? Kaa ni la jirani, lakini chungu ni chake na mchuzi ni wake. Hokusai naye alichukua rangi ya ugenini, akapikia bahari ya kwao.

“Kisha mimi nami nikasafiri,” inasema karatasi. “Kwa zaidi ya miaka 200 Japani ilikuwa imewabana sana wageni. Miaka ya 1850 milango ikafunguka, nasi picha tukamiminika Ulaya. Wachoraji wa huko wakashangaa: kumbe picha yaweza kuwa na rangi tambarare bila vivuli! Kumbe mlima waweza kukaa pembeni!”

Vincent van Gogh, mmoja wa wachoraji hao, alizikusanya picha hizo kwa mamia. Mwaka 1887 alikaa akainakili kwa rangi za mafuta picha ya Hiroshige, Mjapani mwingine, inayoonyesha watu wakivuka daraja kwenye mvua. Claude Debussy, mtunzi wa muziki wa Ufaransa, alipochapisha muziki wake kuhusu bahari mwaka 1905, aliweka wimbi la Hokusai kwenye jalada, bila mashua wala mlima.

Na nyumbani Japani, wamelisahau?

Walisahau wapi! Mwaka 2024 wimbi hilo liliwekwa kwenye noti mpya ya yen 1,000. Mtu analipia chakula chake kwa wimbi.

Na sisi je, wachapaji wa Japani wametufikia? Wametufikia, tena mwilini. Miaka ya 1950 na 1960 viwanda vya Japani vilichapa kanga nyingi za kuuzwa Afrika Mashariki, zenye maneno ya Kiswahili. Kamuulizeni bibi kama amehifadhi kanga ya siku zile. Mkiipata, itandazeni penye mwanga, muitazame rangi baada ya rangi, kisha mniletee maswali yenu.