Kifuu kinachonuka nyuma ya jiko

Nilikuwa Wesha, Pemba, nasubiri maji yajae nipate mashua ya kwenda Misali. Bahari ilikuwa imekupwa, jua kali, nikapanda kwenye nyumba za juu kidogo kuomba maji ya kunywa. Nilipopiga hodi, kabla hata sijaitikiwa, ikanijia harufu ya uji wa juzi.

Mwenye nyumba, bibi mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliniona nikikunja pua. Akanipeleka nyuma ya jiko, akafunua kawa. Chini yake palikuwa na kifuu cha nazi kilichojaa maji mazito, juu yametanda ukungu mweupe wenye mapovu.

"Tungule hizo, mwanangu. Usitie mkono."

Tungule ndizo nyanya za wenzetu wa Bara. Zake ni ndogo, bapa, zina mikunjo ubavuni kama boga, na ngozi nyembamba inayopasuka mvua ikizidi. Sokoni Chake huzioni. Zikitikiswa garini, kapu linafika mchuzi. Uani kwake ipo miche isiyozidi ishirini, imeegemezwa vijiti vya mikoko, na mtaro wa maji ya kuoshea vyombo unapita katikati.

Mbegu haichagui kwa ukubwa wa tungule. Hutafuta mche uliostahimili, uliozaa mpaka chini, kisha huacha matunda yake yaive mpaka yalegee. "Mimi natazama mama, sitazami mtoto." Huyaminya kwenye kifuu, akaongeza maji kidogo, akafunika. Ule utelezi unaoivika mbegu ndio unaoizuia kuota ikiwa bado ndani ya tunda, na uchachu wa siku mbili tatu huuyeyusha. Baadaye humimina taratibu: zinazoelea zende zake, zilizozama azioshe. Huzianika kivulini juu ya sahani. Karatasi hataki hata kuisikia. "Zikiganda utazing'oa na ngozi yake." Zikikauka huzichanganya na jivu, akazitia kwenye chupa.

Nikamuuliza kwa nini ajitese na uvundo huu ilhali pakiti zinauzwa madukani. Akacheka mpaka miwani ikashuka.

"Nilizinunua. Zikazaa, sisemi uongo, zikazaa kuliko hizi. Nikaweka mbegu. Mwaka wa pili kila mche na sura yake, kama watoto wa mitala."

Zilikuwa chotara bila shaka, na chotara hairithishi sura yake. Hizi zake ua hujichavusha lenyewe, basi mtoto hufanana na mama hata jirani akipanda nyingine. Zina ukali unaomtosha kuunga mchuzi wa changu bila ndimu. (Niliula. Ndimu sikuikumbuka.)

Mbegu alipewa na mama yake, naye alizikuta kwa mama yake. "Mbele ya hapo kaulize makaburini." Mmea wenyewe asili yake Amerika ya Kusini, kwa jahazi gani, mkononi mwa nani, ulifika uani hapa? Na jina? Hana. Zamani zilikuwa tungule tu, maana hazikuwa na mwenzake. Zilipokuja za pakiti ndipo zikaitwa za kikwetu.

Mabinti zake wawili wako Unguja, wananunua za Bara. Wanapokuja sikukuu hubeba tungule, mbegu hawabebi. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyeuliza mara mbili.

Wakati wa kuaga alinionyesha jaa, nyuma ya mgomba. Mwaka jana mjukuu alikuta kifuu kinanuka, akadhani uchafu, akakimwaga huko. Bibi alikuja kujua jioni, giza limeshaingia. Masika yalipokatika, kati ya makumbi na magamba ya samaki vikachomoza vichipukizi vya tungule, vimesongamana kama nywele. Akaviatika uani. Ndiyo miche niliyoiona.

Mmoja umebaki pale pale jaani. Ameuzungushia mawe matatu, kuku wasiuparue.