Giza la Skrini si Kifo cha Mashine: Kutambua na Kuondoa Weusi wa Kipakatalishi Baada ya Kubadilisha Mipangilio ya Michoro

Utangulizi

Kipakatalishi kilichoundwa kwa ajili ya michezo ya video kimekuwa chombo cha kazi hata kwa wanafunzi wasio wapenzi wakubwa wa michezo hiyo. Nguvu zake huvutia. Huhariri sauti na video bila kusitasita, na hufungua faili nyingi kwa pamoja pasipo kukwama. Hata hivyo, nguvu hizo huandamana na mipangilio mingi ya michoro, na miongoni mwayo ipo inayoweza kuiondoa picha yote kwa mbofyo mmoja.

Chukulia mfano wa mwanafunzi wa uzamili anayetafiti ngano. Amerejea kutoka nyanjani na rekodi za watambaji wazee, na rekodi zote zimo katika kipakatalishi hicho kimoja. Usiku mmoja, baada ya kunukuu ngano ya tatu, anafungua mchezo wa kandanda ili aipumzishe akili. Picha inakwamakwama. Anaingia katika mipangilio, anapandisha kila kitu hadi juu kabisa, anachagua kadi ya michoro yenye nguvu itumike peke yake, kisha anawasha upya mashine kama anavyoagizwa. Nembo ya kampuni inatokea, inatoweka, na skrini inabaki nyeusi tititi. Feni zinavuma na taa zinawaka, lakini picha hakuna. Asubuhi jirani yake wa bwenini anamshauri aipeleke mashine ikafutwe na kuwekewa mfumo mpya. Ushauri huo ukifuatwa, giza litaondoka, na ngano za wazee nazo zitaondoka.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba hatua hiyo ya mwisho aghalabu haihitajiki. Mipangilio ya michoro ni maagizo yaliyoandikwa mahali fulani ndani ya mashine. Agizo lisilofaa huizuia picha, lakini halifuti kilichohifadhiwa kwenye diski. Tiba, basi, ni kutambua agizo limeandikwa wapi, kisha kulirejesha lilivyokuwa.

Safari ya Picha

Picha haizaliwi kwenye skrini. Huchorwa na kichakataji cha michoro, hupitishwa kwenye nyaya hadi kwenye skrini, na katika skrini nyingi humulikwa na taa iliyo nyuma ya kioo ndipo jicho liione. Vipakatalishi vingi vya kawaida vina kichakataji kimoja cha michoro, ambacho kimo ndani ya kichakataji kikuu. Vile vya michezo aghalabu huwa na viwili: hicho cha ndani, kinachotumia umeme kidogo, na kingine cha pekee, chenye nguvu na kumbukumbu yake, ambacho mara nyingi huwa cha NVIDIA au AMD.

Ushirikiano wa vichakataji hivi viwili ndio unaotatanisha. Mwaka 2010 kampuni ya NVIDIA ilizindua teknolojia ya Optimus. Katika mpango huo, kichakataji chenye nguvu huchora picha nzito, kisha hukikabidhi kile cha ndani, ambacho ndicho chenye njia ya kufika kwenye skrini. Ni mfano wa mtunzi na mghani: mmoja hutunga, mwingine husimama mbele ya hadhira. Mashine nyingi zilizotengenezwa baadaye zimeongezewa swichi ya kuchagua njia, inayoweza kumwondoa mghani jukwaani na kumpandisha mtunzi mwenyewe. Mchezo huenda kwa kasi zaidi kwa njia hii. Lakini iwapo kiendeshi cha kichakataji hicho cha pekee, yaani programu inayouwezesha mfumo kuwasiliana nacho, kina kasoro, hakuna mwingine wa kushika nafasi yake. Hadhira hubaki gizani.

Kuna pia sababu nyepesi zaidi. Kila skrini ina idadi ya nukta inayoweza kuonyesha na kasi inayoweza kuichora picha upya. Skrini ya hetsi 60 ikiamriwa ipokee picha mara 144 kwa sekunde huenda isionyeshe chochote. Ndiyo maana mtu anapobadilisha idadi ya nukta katika mipangilio ya Windows yenyewe, mfumo humuuliza iwapo angependa kubaki na badiliko hilo, na asipojibu kwa muda wa sekunde 15 hurejesha hali ya awali. Hivyo basi, hatua ya kwanza kabisa ni kutobonyeza chochote na kusubiri. Si michezo yote, wala si programu zote za kadi za michoro, zenye hisani hiyo.

Utambuzi wa Dalili

Kabla ya tiba sharti pawepo utambuzi. Swali la kwanza ni iwapo mashine yenyewe i hai. Bonyeza kibonyezo cha Caps Lock: taa yake ikiwaka na kuzimika kila kinapobonyezwa, yamkini mfumo unafanya kazi na kilichopotea ni picha tu. Swali la pili ni iwapo picha ipo lakini haimulikwi. Elekeza tochi kwenye kioo kwa pembe. Maandishi hafifu yakionekana, tatizo ni mwanga wa skrini, si mpangilio wa michoro. Ongeza mwangaza kwa vibonyezo vyake, na usipobadilika, hiyo ni kazi ya fundi.

Swali la tatu ndilo lenye uzito zaidi: giza linaanza lini? Likianza mchezo unapofunguliwa tu, agizo baya limo katika faili ya mchezo huo. Likianza baada ya nembo ya kampuni kuonekana, wakati Windows inapoingia, agizo limo katika mfumo au katika kiendeshi. Likianza tangu kitufe cha kuwashia kibonyezwe, pasipo hata nembo, agizo huenda limo katika BIOS, yaani programu ya msingi iliyo kwenye ubao mama, au pana hitilafu ya kifaa. Mtu anayejua jibu la swali hili amekwisha kuifupisha safari kwa nusu.

Tiba kwa Mujibu wa Chanzo

Giza la mchezo ndilo jepesi zaidi. Toka mchezoni kwa Alt na F4. Katika michezo mingi, Alt na Enter huugeuza mchezo uonekane ndani ya dirisha badala ya kuijaza skrini, na hapo mipangilio hurekebishika. Hilo lisipofaulu, itafute faili ya mipangilio ya mchezo huo, ambayo mara nyingi huwa katika kabrasha la nyaraka za mtumiaji, na uibadilishe jina. Mchezo usipoiona faili yake kwa kawaida huandika nyingine yenye mipangilio ya kiwandani. Kubadilisha jina ni bora kuliko kufuta, kwa kuwa kilichobadilishwa jina huweza kurudishwa.

Giza la mfumo huhitaji subira zaidi. Katika Windows 10 na 11, bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Mseto huu hukianzisha upya kiendeshi cha michoro bila kufunga kazi iliyo wazi. Aghalabu mlio mfupi husikika na skrini hupepesa. Kisha jaribu Windows na P, kwa sababu huenda picha imeelekezwa kwenye skrini ya nje isiyokuwapo. Aidha, iwapo ipo runinga au skrini nyingine, iunganishe kwa waya wa HDMI. Katika vipakatalishi vingi vya michezo tundu hilo limefungwa moja kwa moja kwenye kichakataji chenye nguvu, kwa hivyo picha huweza kutokea huko hata skrini ya mashine ikiwa nyeusi. Ikitokea, nakili kazi yako kwanza, kisha ndipo urekebishe mipangilio.

Njia hizo zikishindikana, ingia katika hali salama, ambayo Windows huiita Safe Mode. Humo mfumo hukiacha kiendeshi cha kampuni na kutumia kile cha msingi, kisichojua mbwembwe za michezo. Kuna mlango wa kuifikia bila kuona kitu. Zima mashine kwa kushikilia kitufe cha kuwashia kwa takriban sekunde 10, iwashe, na Windows inapoanza kuingia izime tena vivyo hivyo. Baada ya kukatizwa hivyo mara mbili au tatu mfululizo, mfumo hujifungulia mazingira ya ukarabati. Humo, chagua kutatua matatizo, kisha chaguo za ziada, kisha mipangilio ya uanzishaji, na hatimaye bonyeza 4. Njia hii si ya kuzoewa, kwa kuwa kukatiza mashine ovyo kunaweza kuathiri faili zilizo wazi, lakini ni halali pasipokuwa na nyingine.

Ndani ya hali salama, fungua orodha ya vifaa vya mashine iitwayo Device Manager, tafuta kadi ya michoro, na uchague kukirudisha kiendeshi cha awali. Chaguo hilo lisipokuwapo, kiondoe kiendeshi chenyewe, uwashe mashine upya, kisha uweke toleo linalotolewa na mtengenezaji wa kipakatalishi hicho.

Giza la tangu mwanzo hushughulikiwa kwenye BIOS. Chomoa chaja, zima mashine, shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliosalia uishe, kisha iwashe. Nembo ikirejea, ingia BIOS kwa kibonyezo ambacho mara nyingi ni F2 au Delete, urejeshe mipangilio ya kiwandani, au uirudishe kadi ya michoro katika hali ya ushirikiano. Hata hivyo, anayerejesha mipangilio yote aandike kwanza ilivyokuwa. Nembo isiporejea na skrini ya nje pia isionyeshe kitu, mwite fundi.

Tahadhari Kuhusu Data

Mambo mawili hayana budi kusisitizwa. Kwanza, mashine nyingi za siku hizi hufungia diski kwa msimbo. Ukibadilisha BIOS au ukiingia katika mazingira ya ukarabati, mfumo unaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Kwa watumiaji wengi ufunguo huo huwa umehifadhiwa katika akaunti yao ya Microsoft, na yafaa kuutafuta wakati mashine bado ni nzima. Pili, katika mazingira hayohayo ya ukarabati lipo chaguo la kuirejesha mashine katika hali ya upya. Chaguo hilo lina milango miwili: mmoja huhifadhi faili za mtumiaji na kuondoa programu alizoziweka, na mwingine hufuta kila kitu. Fundi aambiwe waziwazi, kabla hajaigusa mashine, kwamba data haipasi kufutwa. Akidai hapana njia nyingine, aombwe kwanza aitoe diski na kunakili yaliyomo kupitia mashine nyingine.

Hitimisho

Mwanafunzi wa mfano wetu aliiona nembo kabla ya giza. Dalili hiyo pekee inatosha kuonyesha kwamba skrini ni nzima na njia ya picha i wazi, na kwamba anayeshukiwa ni kiendeshi. Akiingia katika hali salama na kukiondoa, picha inatarajiwa kurejea bila ngano hata moja kupotea. Kazi yake ya kwanza baada ya hapo isiwe kuurudia mchezo. Azinakili rekodi zake mahali pawili zaidi, kwa kuwa mpangilio wa kadi hurekebishika, ilhali mtambaji aliyekwisha kuaga dunia hawezi kurekodiwa upya.

Hali kadhalika, anayetaka kujaribu mipangilio mipya abadilishe jambo moja kwa wakati mmoja na kuliandika kwenye karatasi, ili giza likitokea ajue la kurudisha. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mpangilio unaofanya kazi ndio mbachao wa mtumiaji wa mashine.